Chumba cha Kwenye Picha

Mgeni kutoka Moroni, Ngazija, alisimama katikati ya chumba namba nne, akafungua dirisha, akakuta ukuta. Ulikuwa ukuta wa jengo la jirani, wa matofali yasiyopigwa lipu, na ulikuwa karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angeupapasa. Alilifunga dirisha taratibu, akamgeukia mwenye hoteli.

"Dada, hiki sicho," alisema.

Scholastika alikuwa mlangoni na taulo mbili mkononi, zile mpya zilizokuwa zikingoja wageni wa maana. Wageni wenyewe ndio hawa. Bi Anifa alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mama yake, bibi mzee aliyeletwa Dar es Salaam kutibiwa macho, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, fimbo imelazwa magotini, anasikiliza mikokoteni iliyokuwa ikigombana huko chini barabarani.

"Sicho kivipi, mama?" aliuliza Severine, mume wa Scholastika, akitua begi la pili. Severine alikuwa na uso wa kucheka muda wote, na uso huo ulikuwa umewaokoa na mengi.

Anifa alitoa simu. "Niliona hiki hapa. Kitanda cha mbao nyeusi, dirisha lenye mwanga, na mezani kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni. Mama hataki hoteli, anaziogopa. Nilipokiona hiki kitambaa nikamwambia, mwanamke aliyekaa chini akafuma kitu kama hiki hawezi kutulaza pabaya."

Scholastika aliinama kutazama, kwa adabu ya biashara tu, akiwa na jibu lake tayari. Jibu likakwama. Kile kitanda alikuwa akikitandika mwenyewe kila asubuhi. Kile kitambaa alikifuma akiwa na mimba ya Leticia, binti yake wa kwanza, alipoambiwa na daktari asisimame sana. Na chini kabisa, pembeni mwa picha, malapa ya Severine yalikuwa yamechungulia kutoka uvunguni. Dunia nzima ilikuwa imeonyeshwa chumba anacholala na mumewe, na yeye ndiye mtu wa mwisho kujua.

Joto lilimpanda shingoni. Alimrudishia mgeni simu kwa mikono miwili.

"Chumba hicho kina mtu," alisema.

"Atatoka lini?"

"Leo hatoki."

Hapo hakuwa amesema uongo, ila hakujisikia vizuri kama mtu aliyesema kweli. Severine aliona mambo yanataka kuharibika, akaingilia kati.

"Hapa mjini, mama, chumba ni cha kulalia tu. Mchana kutwa mtakuwa hospitali na sokoni."

"Hewa hakuna humu," alisema bibi. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu apande ngazi.

"Utazoea, bibi," alisema Severine, akawasha feni. Feni ilikohoa, ikazunguka kwa kelele, na vumbi la siku nyingi likawashukia wote wanne.

* * *

Hoteli yenyewe iliitwa Useri Palace. Ilikuwa ghorofa moja tu katika jengo la zamani, nyuma kidogo ya Mtaa wa Msimbazi: vyumba vya wageni upande mmoja wa korido, bafu la pamoja mwisho wake, na upande wa pili, penye dirisha la barabarani na upepo, vyumba vya familia. Atakayeuliza kwa nini upepo haukupewa wageni ataelewa mwenyewe akishaishi Kariakoo mwaka mmoja.

Scholastika alimkuta Leticia jikoni akimenya vitunguu, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi.

"Nani alikuruhusu kupiga picha kitanda changu?"

Leticia hakujifanya haelewi. Alikuwa mwaka wa pili chuo, na mambo yote ya mtandaoni ya hoteli yalikuwa mikononi mwake. "Mama, ningepiga namba nne angekuja nani? Nimekipiga kile kimoja tu, kila mara na shuka tofauti. Ndo wanavyofanya wote."

"Wote wanaanika vyumba vya wazazi wao?"

"Baba alijua."

Severine, aliyekuwa ameingia kutafuta chai, alijikuna kisogo. "Nilisema tujaribu tu. Na mbona amekuja? Mama Leti, wewe mpikie vizuri huyu mama, mchekee, kufika Ijumaa picha ameshaisahau."

Ijumaa ndiyo ilikuwa shida ya nyumba nzima. Mwenye jengo, Mzee Abdulmalik, alikuwa amewaambia wazi. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Abdulswamad anaitaka ghorofa yote iwe stoo, na kwa Kariakoo ya leo mzigo unalipa kuliko mtu. Mzigo hauombi maji wala haulalamiki. Kwa heshima ya miaka waliyokaa pamoja, mzee aliahidi kuja Ijumaa baada ya swala kuangalia. Akiona wageni wa nje wameanza kuingia, atawaachia ghorofa mwaka mwingine. Asipoona, wafungashe.

Na Anifa hakuwa mgeni mmoja. Binti yake alikuwa anaolewa, na wanawake wa ukoo walikuwa wamejipanga kuja Kariakoo kununua mapazia, vyombo na vitenge vya harusi. Yeye ametangulia na mama yake, matibabu huku na kutafuta pa kuwalaza wenzake huku. Aliyasema hayo mwenyewe kwenye simu siku anaweka nafasi, na Leticia alitoka mbio kuja kumweleza mama yake.

Scholastika alikaa kwenye kigoda. Alikuwa mwanamke wa kujiamini. Aliwahi kumtoa mlangoni polisi mlevi kwa kumtazama tu. Lakini sasa alijiona mdogo, na kilichomuuma zaidi si kitanda kuonekana. Ni lile neno la mgeni kuhusu kitambaa. Kazi ya mikono yake ilikuwa imetoa ahadi, naye hakuwa na namna ya kuitimiza.

"Nitampikia," alisema mwishoni. "Lakini kucheka sitacheka."

* * *

Anifa hakulalamika, na hapo ndipo palipomtesa Scholastika. Mgeni anayefoka unaweza kumjibu, ukishindwa unafoka naye. Huyu alikunywa chai ya maziwa, akasifu vitumbua, akauliza maji ya kuoga yanapatikana wapi. Maji yalikuwa yamekatika. Alipewa ndoo, akaibeba mwenyewe hadi mwisho wa korido, akasubiri zamu nyuma ya mgeni mwingine, mfanyabiashara wa Mbeya aliyevaa taulo na kupiga mluzi.

Zamu ya bibi ilipofika ikagundulika kitasa cha bafu hakifungi. Anifa alisimama nje akiwa ameushika mlango kwa mikono yote miwili, mgongo wake ukiwa kwa watu, mpaka mama yake alipomaliza. Scholastika alimwona mgeni akilinda mlango ambao kuulinda ulikuwa wajibu wake yeye mwenye hoteli.

"Kitasa kinabadilishwa leo," alisema Scholastika.

"Sawa, dada."

"Kweli kabisa."

"Nimesema sawa," alijibu Anifa, si kwa ukali. Akamshika mama yake mkono, wakaenda zao hospitali.

Siku ile, Alhamisi, mvua ilianza kunyesha tangu asubuhi. Scholastika hakumtuma mtu. Alijifunika mfuko wa plastiki kichwani, akatoka mwenyewe kwenda kutafuta kitasa, akaingia duka baada ya duka akivuta vitasa na kuvirudisha mpaka akapata kizito cha kumridhisha. Alipokuwa akirudi, barabara ilikuwa mto wa maji meusi. Mlangoni mwa jengo akawakuta wageni wake wakishuka kwenye bajaji, bibi amelowa mpaka kiunoni.

"Daktari hakufika," alisema Anifa. "Wanasema Jangwani kumejaa maji, magari hayapiti. Tumeambiwa kesho."

"Poleni jamani. Bibi, nipe mkono."

Walipanda ngazi polepole, bibi katikati. Ngazi za jengo lile hazina huruma na magoti ya wazee. Kwenye kona walipumzika, na bibi akamuuliza Scholastika kwao ni wapi. Alipoambiwa Rombo, chini ya mlima, akauliza kama kweli kuna baridi ya kuumiza meno.

"Inaumiza, bibi. Ndiyo maana tunafuma. Mikono isigande."

Bibi alicheka, na Anifa naye akatabasamu kwa mara ya kwanza. Scholastika alianza kufikiri kwamba labda Severine alisema kweli, labda chai na maneno mazuri vitatosha. "Mkalale kidogo," alisema. "Nawaletea supu ya moto." Akaingiza ufunguo wa chumba namba nne, akasukuma mlango.

Mlango uligoma nusu. Akasukuma kwa bega.

Ndani kulikuwa na mabelo ya mitumba kutoka sakafuni hadi karibu na feni. Mengine yalikuwa juu ya kitanda, na kitanda kimebonyea katikati. Mabegi ya wageni yalikuwa yamesukumwa ukutani. Mswala wa bibi, alioacha umekunjwa juu ya kiti, ulikuwa sakafuni ukiwa na alama ya kiatu chenye tope. Juu ya belo moja alikaa Bakili, muuza mitumba wa soko la Mchikichini, akijifuta jasho, na Severine alikuwa anamsaidia kusogeza la mwisho.

Ieleweke kwamba mzigo kukaa vyumbani mchana halikuwa jambo geni pale. Bakili alikuwa akiweka mabelo asubuhi na kuyatoa jioni, katika vyumba visivyo na watu, na Scholastika alikuwa akijua. Alikuwa akipokea pesa yake na kununulia unga. Chumba cha mtu aliyelipa kilikuwa hakijawahi kuguswa. Mvua ndiyo iliyomfanya Severine aone kwamba mgeni aliyeko hospitali na mgeni asiyekuwepo ni kitu kimoja.

"Mama, mmerudi mapema," alisema Severine, na uso wake wa kucheka ukatafuta pa kushika. "Ni ya muda mfupi tu haya. Mchikichini maji yanaingia, mzigo wa watu ungelowa wote."

"Mzigo wa watu," alirudia Anifa.

"Ndiyo, mama. Ubinadamu tu."

"Na mama yangu umemwona alivyolowa?"

 Milango ya korido ilikuwa imeanza kufunguka. Mfanyabiashara wa Mbeya alitoa kichwa, na wabeba mizigo wa Bakili wakasogea kwenye ngazi kusikiliza. Anifa aliingia kwa ubavu katikati ya mabelo, akauokota mswala, akaukung'uta. Tope halikutoka. Akaukunja lile tope likiwa ndani, akauweka kwapani.

"Nilikuja nikaonyeshwa ukuta, nikanyamaza," alisema. "Nikalinda mlango wa bafu, nikanyamaza. Nilisema ni safari, safari ina shida zake. Sasa nawauliza, mnatuona sisi ni kitu gani?"

Scholastika alisikia aibu inayomfanya mtu atamani sakafu ipasuke. Alijua la kusema. Angeweza kumkaripia Severine mbele za watu, akaonekana mwema. Angeweza kusema ni makosa ya vijana wa mzigo. Bibi alikuwa amesimama pale pale, hajui vizuri kilicho mbele yake, anatetemeka, fimbo yake inapapasa belo na kurudi.

"Wamejaza nini humu?" aliuliza bibi.

Scholastika alimshika mkono. "Twende, bibi. Huku."

Alimpitisha korido mbele ya watu wote, akafungua mlango wa familia, akapita sebuleni, akafungua mlango wa chumba chake. Alimvua bibi nguo zilizolowa, akamvika kanga zake mwenyewe zilizonyooshwa, akamlaza kwenye kitanda cheusi, akamfunika blanketi zito la Rombo. Mkono wa bibi uliteleza juu ya kimeza cha pembeni, ukakutana na kitambaa. Vidole vikafuata maua, moja baada ya jingine, mpaka pembeni.

Anifa alikuwa amesimama kizingitini.

"Hiki ndicho," alisema.

"Ndicho," alisema Scholastika. "Ni chumba changu na mume wangu. Hakijawahi kukodishwa hata siku moja. Picha ilikuwa uongo. Sikuipiga mimi, lakini tangu uliponionyesha nilijua, na nimenyamaza kwa sababu nilikuwa nawataka ninyi na wenzenu. Na hayo mabelo, vyumba vitupu huwa nawaruhusu waweke. Kwa hiyo hata hilo nina mkono wangu."

 Bibi alikuwa ameshafumba macho.

Scholastika alirudi kwenye korido. "Bakili, mzigo utoke."

"Mama Leti, mvua hii?"

"Ngazi zina paa. Panga ngazini, mtu apite upande mmoja. Na Baba Leti atakusaidia kubeba, kwa sababu ndiye aliyesaidia kuingiza."

Severine alimtazama mkewe kuona kama kuna mahali pa kuingiza utani. Hapakuwepo. Alivua shati, akainama, akabeba.

* * *

Usiku ule mwenye hoteli na mumewe walilala kwenye makochi ya sebuleni. Asubuhi daktari alipatikana, macho ya bibi yakapimwa na kupewa dawa, na wageni walirudi wakapewa chakula mezani na familia. Hakuna aliyezungumzia kuhama. Leticia alimwomba Anifa radhi huku akitazama sahani, akaambiwa asitazame sahani.

Mzee Abdulmalik alikuja kama alivyosema, kanzu nyeupe, amepanda ngazi kwa ubavu akipenya kati ya mabelo.

"Shikamoo, mzee," alisema Scholastika.

"Marahaba. Naona stoo imeanza bila mimi." Alikaa, akapokea kahawa, akamwona Anifa upande wa pili wa sebule. "Huyu ndiye mgeni wa Ngazija mliyeniambia? Karibu Bongo, mama. Umeridhika na hoteli?"

Severine alimtazama mgeni kwa macho ya kuomba. Scholastika alitazama mikono yake. Nyumba nzima, ada ya Leticia, na miaka yote ya kufua mashuka ya watu ilikuwa imekaa kwenye ulimi wa mwanamke aliyekosewa.

"Sikuridhika," alisema Anifa. "Chumba nilichopewa hakina hewa. Kitasa cha bafu kilikuwa hakifungi. Jana nimekuta kitanda changu kimelaliwa na mitumba. Siwezi kuficha, wewe mzee umetoka msikitini na mimi nina mama mgonjwa."

Abdulmalik alitikisa kichwa polepole, akaweka kikombe chini. Ilionekana amepata alichokuja kutafuta.

"Kitasa kipo sasa," alisema Scholastika. Sauti yake ilikuwa imerudi ilivyokuwa siku zote. "Nimekifunga mwenyewe asubuhi. Mengine aliyosema ni kweli yote. Bi Anifa, wenzako ni wangapi?"

"Sita."

"Mimi chumba kama ulichokiona kwenye picha ninacho kimoja. Kuanzia leo ni cha wageni. Sebule hii pia ina dirisha la barabarani, natoa makochi, naweka vitanda. Mtakaa huku kwenye upepo. Vile vya upande wa ukuta nitavipiga picha vilivyo, na ukuta wake, na ndoo yake, na bei yake itashuka. Anayetaka atakuja anajua. Belo haliingii tena hapa, liwe la Bakili liwe la baba yangu mzazi."

"Na sisi tutalala wapi?" aliuliza Severine.

 Anifa alikuwa anamtazama Scholastika, na macho yake yalikuwa yamelainika.

"Mama yangu haogopi tena hoteli," alisema. "Jana alilala akiwa ameshika kile kitambaa, asubuhi nikakitoa mkononi mwake. Wenzangu watakuja. Lakini wakilalia mitumba, dada, nitapanda ndege kuja kukufuata wewe mwenyewe."

"Njoo," alisema Scholastika. "Utanikuta."

Abdulmalik alikunywa kahawa yake mpaka akaimaliza. Alisema wageni sita si makundi. Alisema Abdulswamad hana subira. Kisha akasema na yeye hampendi sana Abdulswamad, anaongea kwa sauti kubwa. Basi mwaka mmoja, na mabelo yatoke kwenye ngazi zake kabla hajashuka. Severine aliinuka mara moja kwenda kuyabeba.

* * *

Jumapili, waliporudi kanisani, Scholastika alihamisha vitu vyao. Havikuwa vingi: nguo, rozari, malapa ya Severine. Kitambaa alikiacha palepale kwenye kimeza. Bibi alikuwa amekizoea, na picha nayo ilikuwa imekiahidi. Leticia alipita korido nzima na simu yake, akapiga picha vyumba kama vilivyo, na alipofika kwenye ndoo akauliza kama aitoe. Mama yake akamwambia aisogeze mbele ionekane vizuri.

Mchana Severine alijinyoosha kwenye kitanda cha chumba namba nne, kile kilichobonyea katikati. Kulikuwa bado na harufu ya mitumba. Mgongo ulikuwa unamuuma kwa kubeba. Aliamka, akafungua dirisha, akatazama ukuta kwa muda, akalifunga.

"Mama Leti," alisema, "humu hewa hakuna."

Scholastika alikuwa amekaa kitini, uzi mweupe mapajani, anaanza kitambaa kipya. Aliinuka akawasha feni, akarudi kukaa.

"Utazoea," alisema.